Kiberiti na Msuli wa Ziada

Wachezaji ndio waliompachika jina la Kiberiti. Alikuwa mfupi na mwembamba, na siku ya kwanza alipopewa mechi ya wanaume, beki mmoja mwenye mwili kama kabati la nguo alimwinamia akamuuliza, "Dada, filimbi hiyo utaiweza kweli?" Jibu alilipata palepale: filimbi ililia karibu na sikio lake, kisha kadi ya njano ikapanda juu. Mpira ulikuwa hata haujaanza kuviringika. Jukwaani mtu akapaza sauti, "Jamani, kiberiti hicho! Kidogo lakini kinawaka!" Watu wakaangua kicheko, na jina likanata. Hata mumewe, kinyozi mwenye kibanda chake jirani na stendi ya mabasi, alilizoea, na wateja wake wakawa wanamwita Bwana Kiberiti naye anaitika.

Siku za kazi Kiberiti alikuwa mkataji wa vitambaa katika karakana ya kushona sare za shule. Alisimama mbele ya meza ndefu, mkasi mkononi, akikata mashati na sketi za watoto asiowajua. Mwisho wa juma alivaa nyeusi, akaning'iniza filimbi shingoni, na hapo ndipo alipojiona amekamilika. Alipenda kukimbia. Alipenda zaidi kufika. Refa mzuri, alikuwa akiwaambia wanaoanza, hahukumu kwa mbali. Anafika kwenye tukio kabla vumbi halijatua.

Mshabiki wake nambari moja alikuwa mama mkwe wake. Wengi walidhani mama mzee kama yule angemsema mkamwana wake kwa kukimbizana na wanaume uwanjani, kumbe wapi! Alikuwa akienda kila mechi na kigoda chake, anakaa nyuma ya uzio, na ole wake atakayemtukana refa. "Wewe unayebwata," angemwambia mtu, "hebu ingia ukimbie wewe tuone kama hutatapika." Vijana waliokuwa na midomo mirefu walijifunza kukaa upande wa pili.

Maumivu yalianza kama utani. Kipindi cha pili cha mechi moja, shavu la mguu wa kulia lilikaza, kama kuna mtu aliyemfunga kamba nyuma ya goti na sasa anaivuta polepole. Kiberiti alidhani ni uchovu. Mpira ulipotoka nje alisimama kidogo, kamba ikalegea, akaendelea. Mechi iliyofuata ikakaza mapema zaidi. Baadaye yakaongezeka mengine: unyayo ulikuwa unakufa ganzi, vidole vinapoa, na mguu mzima unakuwa mzito kama gogo lililolowa maji. Cha ajabu ni kwamba akisimama tu, baada ya muda mfupi mguu unarudi kuwa wake. Akikimbia tena, kamba inakaza tena.

Basi akajifunza ujanja. Alifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Aliwaita manahodha wawili na kuwaonya kwa maneno mengi kuliko kosa lenyewe. Alitembea hadi kwenye benchi kwenda kumtuliza kocha ambaye alikuwa ametulia tuli. Kocha mmoja akamgeukia msaidizi wake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Refa huyu siku hizi ana hotuba kuliko mbunge."

Nyumbani Kinyozi alimkanda kwa maji ya moto na mafuta mpaka mikono yake ikachoka kuliko mguu wenyewe. Alinunua viatu vipya. Alikwenda zahanati, akaambiwa msuli umevutika, apumzike. Akapumzika, mguu ukawa mzima, akarudi uwanjani, kamba ikakaza. Alikwenda kwa mtaalamu wa viungo, akafundishwa kujinyoosha. Alipiga picha ya mfupa, mfupa ukaonekana umenyooka kama rula. Kila aliyempima alimlaza kitandani, akamminya hapa na pale, akamwambia hana kitu. Ikafika mahali hata yeye akaanza kujiuliza kama maumivu yale anayatunga.

Mambo yaliharibika kwenye mechi kubwa, timu mbili zilizokuwa zinawania ubingwa, uwanja umejaa hadi watu wamekaa juu ya ukuta. Kipindi cha kwanza alikula yamini kwamba hakuna atakayeona kitu, na hakuna aliyeona. Cha pili kamba ilikaza kabla hajatoa jasho. Alikaza meno. Kisha timu moja ikapokonya mpira karibu na lango lao na kushambulia kwa kasi, pasi ndefu, mbio, kelele. Kiberiti akatimua nyuma yao, lakini mguu ulikataa. Alikuwa bado katikati ya uwanja, anachechemea, wakati mshambuliaji alipoanguka ndani ya eneo la hatari.

Wachezaji wote wakageuka kumtazama. Wengine walinyoosha mikono wakidai penalti, wengine walitikisa vichwa. Kiberiti hakuwa ameona kitu isipokuwa migongo. Alimtazama msaidizi wake wa pembeni, kijana makini, aliyekuwa karibu. Kibendera chake kilionyesha hakuna kosa, mpira upigwe kutoka golini. Kiberiti akafuata kibendera. Uamuzi ulikuwa sahihi, hata aliyeanguka aliinuka bila kubisha sana. Lakini moyo wake haukutulia. Leo nimeokolewa, alijisemea. Shambulio lijalo likiwa upande ule mwingine, ambako msaidizi amezibwa na watu, nitaamua kwa kubahatisha? Watu hawa wamehangaika msimu mzima.

Akapuliza filimbi ndefu. Akatembea hadi kando ya uwanja, akamwita refa wa akiba, akavua filimbi shingoni na kumkabidhi pamoja na kadi zake.

"Una nini, dada?" yule refa aliuliza, macho yamemtoka.

"Mguu umegoma. Chezesha wewe. Nusu ya refa haitoshi kwenye mechi hii."

Kuzomea kukaanza upande mmoja na kuenea kama moto wa nyasi. Kiberiti alipita katikati ya kelele ile ameinua kichwa, akaingia chumba cha marefa, akaketi kwenye benchi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Mlangoni kulikuwa na maandishi makubwa kwamba hakuna ruhusa kuingia. Mama mkwe aliyasoma, akayapuuza, akaingia na kigoda chake kwapani. Hakusema pole. Alipiga magoti, akamvua mkamwana wake viatu na soksi, akaushika unyayo mmoja, kisha mwingine.

"Huu wa moto," alisema. "Huu wa baridi kama umetoka kwenye friji. Mwanangu, tangu lini mtu akachoka mguu mmoja?"

"Mama, nimeshapimwa kila mahali."

"Wamekupima umelala. Wewe unaumwa ukiwa unakimbia. Kesho tunakwenda ile hospitali kubwa, na usiniletee maneno."

Kabla hawajaondoka, mkufunzi wa marefa alichungulia. Alikuwa mzee mkavu, refa mstaafu, mgumu kama kiatu cha zamani. "Umefanya jambo zito kule uwanjani," alisema. "Wengi wangeng'ang'ania. Lakini nikwambie ukweli: sitakupanga tena mpaka ufaulu mtihani wa mbio. Na sitakupunguzia hata mzunguko mmoja."

"Sijaomba upunguze," Kiberiti alijibu.

Kufika hospitali kubwa si kuonwa. Walipita dirisha hili na lile, daktari huyu akawatuma kwa yule, mpaka hatimaye wakafika kwa daktari wa mishipa ya damu. Alikuwa jitu la mtu, mikono kama ya muoka mikate, sauti ndogo isiyolingana na mwili wake.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza.

"Nakata vitambaa kwenye karakana. Na ni refa wa mpira wa miguu."

Daktari alifikiri. "Refa ndiye yule anayesimama golini?"

Mama mkwe alishika kichwa. "Ewe Mungu, tumeletwa kwa nani?"

"Mimi mpira siujui," daktari alikiri bila aibu. "Lakini miguu naijua. Panda kitandani."

Aliweka vidole vyake juu ya unyayo, kisha nyuma ya kifundo, akatulia kama anayesikiliza redio ya jirani. "Damu inapita vizuri," alisema. Kiberiti alijisemea: Haya, wimbo ni uleule.

"Daktari," alisema, na safari hii hakujali kama anaonekana msumbufu, "nikilala hapa mguu huu ni malaika. Shetani wake anakuja nikikimbia. Na siyo mpira tu. Hata karakanani, nikisimama kwa vidole kufikia majora ya kitambaa yaliyo juu ya rafu, unyayo unakufa ganzi."

Mkono wa daktari ulisimama. "Rudia hilo la vidole."

Akarudia.

"Nyoosha goti lako mpaka mwisho. Sasa kanyaga kiganja changu, kama unakanyaga breki ya gari. Zaidi. Nguvu zako zote, refa."

Kiberiti alikanyaga. Vidole vya mkono wa pili wa daktari vilikuwa bado nyuma ya kifundo, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni aliyekuwa akimsubiri. Alimshika Kiberiti kidole, akakiweka mahali palepale.

"Legeza. Unasikia?"

"Nasikia. Kinadunda."

"Kanyaga."

Kiberiti alikanyaga, na chini ya kidole chake mdundo ulififia, ukafifia, ukakatika. Mguu wake mwenyewe ulinyamaza kama nyumba iliyohamwa. Alilegeza; ukarudi kwa kishindo. Akakanyaga tena, kimya. Alitazama juu, na kabla hajajua anacheka au analia, mama mkwe alishapenyeza kidole chake naye.

"Umekata!" mama alipiga kelele. "Huo umekata! Nilisema mimi!"

"Kwa hiyo siyo kichwani mwangu," Kiberiti alisema.

"Siyo kichwani. Ni nyuma ya goti," daktari alijibu. "Na waliokupima kabla yangu usiwalaumu. Ugonjwa huu hujificha mguu ukipumzika."

Picha zilithibitisha. Walimpaka mafuta nyuma ya goti, wakampitishia kifaa cha kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, na mshipa ulionekana umefunguka mguu ukilegea, umefungwa mguu ukikaza. Kisha wakamwingiza kwenye mashine kubwa yenye kelele za karakana. Daktari aliwaita wote watatu, Kinyozi akiwemo, akaifungua picha kwenye kioo cha kompyuta na kuwaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hapa nyuma ya goti pana uwazi mdogo. Mshipa mkubwa unaolisha mguu wote chini ya goti unapita humo. Misuli ya shavu la mguu inatakiwa ikae pembeni, huku na huku, iuache upite. Wewe umezaliwa na kipande cha msuli cha ziada. Hiki hapa. Kimekatiza juu ya mshipa kama mkanda. Ukikanyaga kwa nguvu, msuli unakaza na mkanda unabana. Damu haipiti. Mguu unalia njaa."

"Mbona zamani hakikunisumbua?"

"Kilikuwa kidogo. Wewe umefanya mazoezi miaka yote hii, misuli yote ikajaa, na hiki nacho."

"Kwa hiyo nilikuwa namlisha adui yangu."

"Ulikuwa unamnenepesha," daktari alikubali.

Kinyozi alikohoa. "Daktari, akiacha kukimbia?"

"Maumivu yatapungua. Lakini mkanda hautaondoka. Kila ukibana, ukuta wa mshipa unachubuka. Ukichubuka sana unaweka kovu, damu inaweza kuganda hapo, na tukifika huko tutakuwa tunazungumza habari za kuuokoa mguu. Kwa sasa mshipa unaonekana bado mzima. Nikifungua, nitaukata msuli ule na kuuachia mshipa nafasi. Nikiukuta umeshaharibika, nitauunga kwa kipande cha mshipa mwingine, na hapo sitaahidi mbio." Akamtazama Kiberiti. "Nisikudanganye. Sitajua mpaka nifungue."

Alasiri ya siku iliyofuata Kiberiti alikwenda kibandani kwa mumewe, akamkuta hana mteja, akakaa kwenye kiti kile kinachozunguka, mbele ya kioo. Kinyozi alianza kusafisha mashine ambayo ilikuwa safi.

"Sema," Kiberiti alimwambia kupitia kioo.

"Naogopa kisu," Kinyozi alisema. "Mimi nashika wembe kila siku na naogopa kisu. Tukae tu, mke wangu. Uache mpira, tutembee taratibu. Nakutaka wewe mzima, refa simhitaji."

"Mimi na refa ni mtu yuleyule, baba watoto. Ukimwacha huyo huku umeshika huyu, utakuwa umeshika nini?" Alizungusha kiti akamkabili. "Na umesikia, mkanda unabaki hata nikitembea. Sitaki kuishi namsikilizia mguu kama bomu. Nimeamua. Nakuomba tu uje unishike mkono kabla hawajanipiga nusu kaputi."

Kinyozi aliiweka mashine chini. Alivuta pumzi ndefu, akasema, "Basi nitakunyoa mwenyewe huo mguu. Siwezi kuachia manesi wakukwaruze."

Na kweli, asubuhi ya upasuaji aliomba ruhusa, manesi wakacheka wakamruhusu, akamnyoa mkewe nyuma ya goti kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa hata bwana harusi. Kisha akamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipowatenganisha.

Kiberiti alipozinduka, kitu cha kwanza alichokiona ni daktari amesimama mwisho wa kitanda, kofia ya kijani bado kichwani.

"Mshipa?" Kiberiti aliuliza, ulimi mzito.

"Umebanwa, umekasirika, lakini ni mzima. Sikuunga kitu. Nimeukata mkanda wote, mwanzo hadi mwisho." Kwa mara ya kwanza alitabasamu, meno yote nje. "Ulikuwa msuli mnene huo, refa. Umeshiba."

Alimruhusu alale. Siku alipokuja kumwangalia kidonda, alileta kifaa kidogo kama kalamu kilichounganishwa na kispika. Alikigusisha nyuma ya kifundo, na wodi nzima ikasikia sauti ya damu: shwa, shwa, shwa, kama mtu anayefagia uani. Mama mkwe alikuwa pembeni na Kinyozi nyuma yake.

"Sasa kanyaga mkono wangu. Polepole."

Kiberiti alisita. Aliogopa kile kimya. Kisha akakanyaga kidogo, akakanyaga zaidi, nyuzi za kidonda zikimvuta.

Shwa, shwa, shwa.

"Zaidi kidogo."

Shwa, shwa, shwa. Fagio halikukoma.

Mama mkwe hakungoja tafsiri. Alipiga kigelegele kilichogonga dari. Nesi akaja mbio akiwa amekunja uso, "Mama, hii ni wodi!" lakini mwanamke wa kitanda cha dirishani alishapokea, na wa jirani yake naye akapokea bila hata kujua kuna nini, na nesi, alipoelezwa, akageukia ukutani ili asionekane anacheka. Kiberiti alijifunika shuka usoni akalia kwa raha zake.

Kupona hakukuwa lelemama. Goti lilivimba, kovu likavuta, na mara ya kwanza kutembea ukumbini hadi kwenye dirisha na kurudi ilimchosha kuliko mechi nzima. Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi, na mama mkwe akajipa cheo cha msimamizi. Alikaa kwenye kigoda chake sebuleni, mikono kifuani. "Hilo goti halijanyooka. Hapana, unaniibia. Nyoosha." Kiberiti aliwahi kumwambia mumewe kwamba tangu azaliwe hajakutana na refa mkali namna ile.

Karakanani walimpokea kwa shangwe na kumwekea kiti cha mapumziko. Siku moja kitambaa cha bluu kilikuwa juu kabisa ya rafu, na kabla hajafikiri, akasimama kwa vidole akalivuta jora lote. Alikuwa ameshalifungua mezani alipogundua alichokifanya. Akarudi kwenye rafu, akasimama tena kwa vidole, mikono juu bila kushika kitu, akangoja ganzi. Wenzake walimtazama wakadhani anasali. Ganzi haikuja.

Lakini kukimbia ni kitu kingine. Daktari alipompa ruhusa, alikwenda asubuhi kwenye kiwanja cha shule iliyo karibu na nyumbani, Kinyozi akiwa naye. Alianza kwa kutembea, kisha kujongea kwa mbio za kuvuta miguu, halafu mbio za kawaida. Masikio yake yote yalikuwa kwenye mguu wa kulia. Alikuwa anamngoja yule mwenye kamba. Akamaliza mzunguko, hayupo. Akamaliza mwingine, akahisi shavu la mguu limepata joto, moyo ukamlipuka: ndiye huyo! Akapunguza, akasikiliza. Lilikuwa joto tu. La kushoto nalo lilikuwa na joto lilelile.

Akaongeza kasi. Jasho likamtiririka, pumzi ikaanza kupaa, na pale ambapo zamani kamba ingekuwa imeshamkaba, mguu ulisukuma ardhi na ardhi ikamsukuma. Alipita mbele ya mumewe anacheka peke yake kama mwehu.

"Inatosha!" Kinyozi aliita. "Daktari kasema taratibu!"

"Hii ndiyo taratibu yangu!" alijibu, akapotea kwenye kona.

Ilichukua miezi kuurudisha mwili kwenye hali ya mashindano, na hakuruka hatua hata moja aliyopangiwa. Ndipo akampigia simu mkufunzi. Mzee alimwambia aje siku ya mtihani wa kawaida, pamoja na wengine. Alikuta vijana wamejaa, wengi hawajafikisha umri wa ndoa, wananyoosha miguu na kumtazama kwa pembe ya jicho. Habari za refa aliyekabidhi filimbi katikati ya mechi zilikuwa zimewafikia.

Mtihani wenyewe hauna siri: unakimbia kwa kasi, unatembea kidogo, unakimbia tena, mzunguko baada ya mzunguko, na anayechelewa kufika kwenye alama filimbi ikilia ametoka. Mkufunzi alisimama katikati na saa yake. Mizunguko ya kwanza ilikuwa mchezo. Kisha wakaanza kupukutika. Mmoja alishika kiuno akajitoa. Mwingine alichelewa alama, akatupa chupa yake ya maji kwa hasira. Kiberiti alikimbia mdomo umefunga, macho mbele. Mapafu yalimuwaka, mapaja yalimlalamikia, lakini hayo alikuwa ameyakumbuka kama mtu anavyokumbuka ndugu waliokuwa safarini. Haya ni maumivu ya kazi, alijiambia. Haya ni halali yangu.

Mzunguko wa mwisho, kijana mmoja mrefu aliyekuwa mbele yake alianza kuyumba. Kiberiti akamfikia, akamwambia, "Nitazame mimi, tupige wote," na wakavuka alama bega kwa bega. Filimbi ililia wakiwa wameshapita.

Mkufunzi alisubiri Kiberiti apumue kidogo. Alitazama saa, akautazama mguu wake wa kulia, pale kovu lilipopita nyuma ya goti, jeupe na jembamba.

"Umefaulu," alisema. Midomo yake ilijaribu kukaa vilevile ikashindwa. "Na sikukupunguzia."

"Ungenipunguzia ningekupa kadi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuna refa aliyewahi kuliona.

Mechi aliyopangiwa ilikuwa ya watani wa jadi, ile ambayo marefa wengine huombea wapate homa. Alitoka kwenye handaki mbele ya wachezaji, mpira kwapani, na uwanja ukalipuka, nusu wakimshangilia na nusu wakijiandaa kumlaumu. Alichezesha kama mtu aliyekuwa na kiu. Alikuwa huku, alikuwa kule. Manahodha walipogeuka kulalamika walimkuta ameshasimama nyuma yao.

Dakika za mwisho, timu zikiwa sare, kona iliokolewa na mpira ukaangukia miguuni mwa winga mmoja mwenye mbio za ajabu. Akaondoka nao. Uwanja mzima ulisimama. Kiberiti alikuwa bado karibu na lango lile lililopigiwa kona, na mbele yake kulikuwa na uwanja wote wa kukimbia. Akakimbia. Aliwapita mabeki waliokata tamaa, akampita kiungo mmoja aliyemtolea macho, mguu wa kulia ukisukuma, wa kushoto ukisukuma. Winga alipomkabili kipa, Kiberiti alikuwa amefika. Aliona mkono wa kipa ukigusa mpira kwanza na kuutoa nje, wazi kabisa, kabla miili haijagongana. Winga alianguka, akaviringika, akainua kichwa kudai penalti, na mtu wa kwanza aliyekutana naye macho alikuwa refa, amesimama hapo, anatikisa kichwa.

"Kipa amecheza mpira," alisema. "Inuka, kona."

Winga akainuka akaenda kupiga kona yake.

Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji walijitupa chini kila mahali. Kiberiti aliwapa mikono mmoja mmoja, akawashukuru wasaidizi wake, kisha akatembea kuelekea geti, ambako Kinyozi alimsubiri na taulo.

"Umechoka?" alimuuliza, akiutazama mguu wa kulia kama alivyozoea.

"Nimekufa kabisa," Kiberiti alisema, akajifuta uso huku akitabasamu. "Miguu yote miwili, sawasawa."